Nani kafungua faili langu? Barua ya wazi kwa Wajumbe wa Baraza la Wawakilishi

Waheshimiwa Wajumbe,

Assalaamu alaykum. Nawaandikia kutoka Wete. Nimekaa masjala ya hospitali miaka 26 hadi kustaafu. Jina langu halimo katika barua hii. Binti yangu, ambaye ndiye aliyeipiga chapa, amenishauri nilitoe ili niwe salama. Haya, nimelitoa.

Wengi wenu mmewahi kusimama mbele ya dirisha kama langu, kadi mkononi, mkingojea faili. Ndani hamkuingia, kwa hiyo niwaeleze. Faili likitoka kwenye rafu, mahali pake hapakubaki patupu. Tulichomeka kipande cha kadi ngumu, kimeandikwa jina la aliyelichukua, idara yake na tarehe. Jioni nilipita rafu kwa rafu: kila kadi iliyochomoza ni faili lililo nje, na kila faili lililo nje lina mtu wa kuulizwa. Siri ya mtungi aijuaye kata, nasi wa masjala ndio tuliokuwa kata. Tulijua nani anaumwa nini kuanzia Jadida hadi Mtambwe. Je, tulinyamaza sote? Hapana, sitawadanganya. Wengine walisema. Lakini aliyesema alijua kuwa jina lake liko kwenye kadi, na siku moja ataitwa.

Kompyuta zilipokuja nilifurahi, maana vumbi la mafaili limeniachia kifua mpaka leo. Wala siandiki kupinga watu kuandikwa. Sisi wa Pemba tunaijua gharama ya kutoandikwa. Usiku ule wa Septemba 2011 ilipozama MV Spice Islander I, ikitoka Unguja kuja kwetu na watu kupita uwezo wake, hakukuwa na orodha kamili ya waliopanda. Familia zilibaki kuhesabiana wenyewe kwa wenyewe, nani aliaga na nani hakufika. Leo nikikata tiketi ya boti naulizwa jina na kitambulisho, na ninatoa bila ya kunung'unika.

Kilichonishikisha kalamu ni kisa cha nyumbani kwangu.

Mkaza mwanangu aliharibikiwa na mimba ya miezi mitatu. Alikwenda kituo kimoja cha afya, sitakitaja, akahudumiwa vizuri, akapanda gari kurudi. Mumewe, mwanangu, alikuwa dago, kwenye kambi ya wavuvi. Bibi huyu alikuwa ameamua kumngoja arudi amwambie wenyewe kwa wenyewe, kama wanavyostahiki mke na mume. Basi hajafika nyumbani, jirani keshaleta uji wa pilipili manga. "Pole mwanangu, Mungu atakupa mwengine." Na Magharibi haijaadhiniwa, simu ya mwanangu imelia huko dago: rafiki yake anampa pole. Alizipata habari za mtoto wake kutoka kwa mtu aliyekuwa Konde.

Angalieni vizuri hapo. Hakuna aliyemfanyia ubaya. Hakuna mwizi wa mtandaoni aliyekaa ng'ambo, hakuna kirusi cha kompyuta. Mtu aliona jina kwenye skrini, akamwonea imani, akamwambia shangazi yake, na shangazi akainjika uji. Ndivyo siri inavyotoka kisiwani, kwa mapenzi mara nyingi kuliko kwa chuki. Kila nikisikia semina za usalama wa mtandao zinazungumzia wadukuzi tu, hucheka peke yangu.

Nilikwenda kuuliza, kwa adabu, mtu wa kazi kwa watu wa kazi. Nani alifungua rekodi ya mkaza mwanangu siku ile? Nikajibiwa kuwa haijulikani na haiwezi kujulikana, kwa sababu wote huingia kwa nywila moja. Niliiona. Imeandikwa kwa kalamu ya wino juu ya plasta ya kidonda, imebandikwa chini ya skrini. Nilirudi nyumbani na hasira ambayo sijaimaliza. Kipande changu cha kadi ngumu cha mwaka 1991 kilijua mengi kuliko mashine ile.

Alipobeba tena, hakukanyaga kliniki yoyote ya Pemba. Kila mwezi alivuka bahari kwenda Unguja kwa dada yake, nauli juu, kichefuchefu juu, na mawimbi ya mkondo wa Nungwi mnayajua. Huyo ana nauli. Asiye nayo hukaa nyumbani, au huenda kliniki akataja jina la dada yake. Majina ya kuazima nimeyaona sana pale dirishani: mtu mmoja ana mafaili matatu, na faili moja lina damu za watu wawili. Wataalamu wakiwaleteeni majedwali yenye rangi nzuri, ulizeni ni wangapi humo waliosema uongo kwa sababu hawakuwa na imani na aliyekuwa akiandika.

Binti yangu alinitafutia kesi moja, nikamwambia anisomee mara mbili. Ni ya muuguzi wa Finland. Alifanya kazi kliniki ya macho ya hospitali ya umma kuanzia 1989, na hospitali hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikimtibu, kwani alikuwa ameambukizwa virusi vya UKIMWI. Mwaka 1992 akaanza kuhisi kuwa wenzake wanajua. Wakati ule mfanyakazi yeyote aliweza kuingia kwenye rejista ya wagonjwa. Alipotaka kujua nani aliyetazama rekodi zake, ikaonekana mfumo unakumbuka mara tano za mwisho tu, tena kwa jina la idara, si la mtu. Na faili likirudishwa kwenye hifadhi, hata hizo hufutika. Mahakama za kwao zikamwambia hana ushahidi. Kweli hakuwa nao. Aliyepaswa kuutunza ndiye aliyekuwa akishitakiwa.

Tarehe 17 Julai 2008, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu kule Strasbourg ikampa haki. Ilisema haitoshi kuwa na sheria inayompa mtu fidia baada ya siri kutoka. Hospitali ilitakiwa iwe na ulinzi wa vitendo, unaomzuia asiyehusika kuingia tangu mwanzo. Na ikaona kuwa lau kama hospitali ingeweka kumbukumbu za kila aliyeingia, yule mama asingekwama mbele ya mahakama za kwao. Finland ikaamriwa imlipe. Hukumu yote haikumtaja jina, inamwita kwa herufi moja tu: I.

Nilipomaliza kusikiliza nilimwambia binti yangu: huyo mama alikuwa anatafuta kadi yangu ngumu.

Basi ndiyo haja yangu kwenu. Kadi ile irudi, ndani ya mashine. Kila mfanyakazi awe na nywila yake mwenyewe, na kila akifungua rekodi ya mtu, mfumo uandike nani, lini, na kwa kazi gani. Kisha, na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, kumbukumbu hizo zisiwe za mkurugenzi peke yake. Mwenye faili awe na haki ya kuziona. Niende na kitambulisho changu dirishani, au nifungue simu yangu, nisome: Jumatatu saa 4 asubuhi, fulani wa maabara, Jumatano usiku, fulani wa malipo. Huyu wa malipo alikuwa akitafuta nini usiku?

Si ndoto. Estonia wanafanya hivyo. Nchi ile ina watu kiasi cha milioni 1.3, sisi, kwa Sensa ya 2022, tulikuwa 1,889,773. Kwa hiyo msiniambie kuwa hayo ni ya mataifa makubwa. Tangu 2001 wana mfumo unaounganisha rejista za serikali, waitao X-Road, na raia akiingia kwenye ukurasa wake wa serikali anaweza kuona ni ofisi gani zilizomtazama. Daktari akichungulia rekodi ya asiye mgonjwa wake, mgonjwa anaweza kumwona na kuuliza. Hilo la kuulizwa ndilo linalomfanya mtu aufikirie mkono wake kabla hajabonyeza. Si kwamba Waestonia wana tabia njema kuliko sisi.

Najua jawabu litakalokuja: dharura. Mgonjwa ameletwa usiku hana fahamu, daktari asubiri ruhusa ya nani? Asisubiri. Afungue, atibu, na mfumo uandike kuwa alifungua kwa dharura. Asubuhi atajieleza kwa sentensi moja. Jawabu la pili litakuwa fedha. Programu nyingi za hospitali zinaweza kuweka kumbukumbu hizi bila ya kununuliwa kitu kipya. Kinachozishinda ni plasta ile chini ya skrini, na plasta kuibandua ni bure.

Mtaniambia pia kuwa sheria ipo. Ipo, nami nimeisoma. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Lakini mwanzoni kabisa sheria hiyo inasema kuwa kwa upande wa Zanzibar haigusi mambo yasiyo ya Muungano. Posta na simu ni mambo ya Muungano. Benki nazo. Afya si jambo la Muungano. Skuli zetu za msingi na sekondari si jambo la Muungano, wala daftari la sheha, wala kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, ambacho kiko chini ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii kwa Sheria Namba 3 ya 2018. Kwa lugha ya masjala: sheria ile inailinda nambari yangu ya simu, ikifika kwenye mlango wa faili langu la uzazi inavua viatu na kurudi.

Miongoni mwenu wapo wanaosema kila siku kuwa yasiyo ya Muungano ni yetu wenyewe. Nami nasema hivyo hivyo. Hili nalo ni letu basi, na halimngojei mtu wa Dodoma. Kifungu cha 15 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 kinampa kila mtu haki ya kuheshimiwa nafsi yake, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake. Ninachokitaka ni sheria itakayotoka hapo Chukwani, kwenye Baraza lenu, itakayomwambia karani wa kituo cha afya, kwa Kiswahili anachokielewa, haki hiyo inamtaka afanye nini saa 2 asubuhi foleni ikiwa imefika mlangoni.

Kuna la pili, ambalo vijana wa TEHAMA hunijibu haraka mno. Nikiuliza taarifa zetu zinapopelekwa kwa watafiti na wafadhili zinalindwa vipi, husema: "Bibi, majina tunayatoa." Mwaka 1997 hivi, kule Massachusetts, Marekani, walisema hivyo hivyo. Zilitolewa rekodi za hospitali za watumishi wa jimbo, hazina majina, na gavana William Weld akawatuliza watu kuwa siri zao ziko salama. Mwanafunzi mmoja, Latanya Sweeney, akanunua daftari la wapigakura wa mji wa Cambridge kwa dola 20. Humo, watu sita walikuwa na tarehe ya kuzaliwa ya gavana. Watatu wanaume. Mmoja tu alikuwa na msimbo wake wa posta. Rekodi za matibabu za gavana zikawa zimepatikana.

Na Cambridge ni mji, majirani hawajuani. Huku kwetu daftari la dola 20 ni la nini? Andika "mwanamke, miaka 41, ana mapacha", uandike na shehia moja ya Micheweni, kisha mwonyeshe muuza samaki yeyote wa pale. Atakutajia jina, jina la baba yake, na minazi mingapi alirithi. Jedwali la shehia lenye mtu mmoja au wawili katika kisanduku si takwimu. Ni umbeya uliopigwa mistari. Wanatakwimu wenyewe wana kanuni ya kuficha idadi ndogo au kuunganisha maeneo mpaka idadi ikue. Iandikwe kwenye sheria, isiachwe kwa hisani ya anayechapisha ripoti.

Kwa wahudumu wa kujitolea wa afya ya jamii, wanaopita nyumba kwa nyumba na simu, sina neno baya. Wamewaokoa wazazi wengi. Nina ombi dogo tu. Mhudumu ni jirani yetu. Zamani alipoandika kwenye daftari, nilikaa naye mkekani nikaona anaandika nini juu yangu, na akikosea nilimwambia. Sasa skrini iko upande wake. Agizwe aigeuze. Mwenye nyumba asomewe kilichoandikwa kabla hakijatumwa, na aambiwe kinakwenda kwa nani. Kwetu mtu hupiga hodi mara tatu, asipoitikiwa hurudi zake, na Surat An-Nur imetufundisha kuwa ukiambiwa rudi, urudi. Karatasi ya ridhaa iliyoandikwa Kiingereza, ikasainiwa na mama mwenye uchungu wa kuzaa, hiyo si hodi.

Na akili unde, kwa kuwa kila mtu anaizungumza. Kijana mmoja wa ofisi fulani alinionyesha kwa fahari jinsi anavyofanya kazi haraka. Alichukua barua ya rufaa ya mgonjwa, nzima, jina, umri na ugonjwa, akaibandika kwenye simu yake ili mashine imnyooshee Kiingereza. Kiingereza kilinyooka, namsifu. Nikamuuliza barua ile sasa iko wapi. Akanitazama kama niliyemuuliza sauti ikishatoka redioni huenda wapi. Hakuwahi kuambiwa asifanye. Waraka wa ukurasa mmoja ungetosha kumwambia, na waraka hauhitaji hata kupita Barazani.

Juu ya adhabu nina rai ambayo wengine haitawapendeza. Msianze kwa kumfunga msichana aliyemwambia shangazi yake. Mshahara wake naujua, na foleni yake naijua. Aonywe, afundishwe, na akirudia aondolewe. Mzigo mkubwa umwangukie anayeendesha kituo huku nywila ikiwa chini ya skrini, awe wa serikali au wa binafsi. Huyo ndiye aliyepewa rafu. Mimi nilipopoteza faili, hakuulizwa mfagizi.

Mwisho, pa kulalamikia. Mtakachokiunda, kiwe tume au ofisi ya kamishna, kisiwe Unguja peke yake. Mwanamke wa Makangale aliyeibiwa siri yake hatavuka bahari kwenda kuisema upya mbele ya watu asiowajua. Kuwe na mlango Pemba, na ndani yake awepo mwanamke wa kumsikiliza, na malalamiko yapokewe kwa mdomo kwa asiyejua kuandika. Na asiajiriwe mtu wa mtaa uleule! Mnacheka, lakini mimi nimekaa dirishani, najua kwa nini watu walikuwa wakichungulia kwanza kuona nani yuko zamu, kisha wanaamua kama leo wanaumwa au hawaumwi.

Mkaza mwanangu amejifungua salama, mtoto wa kike, na cheti chake cha kuzaliwa kimeshatoka. Ameniruhusu kusimulia haya. Nilimuuliza kwanza, na mara ya kwanza alikataa.

Nawasalimu nyote, na salamu zangu za pekee kwa Mheshimiwa wa jimbo letu, ambaye nina hakika keshanijua tangu aya ya pili.

Mstaafu wa masjala,
Wete, Pemba